Marahaba ya Mama wa Dirishani

Desturi ni kuanza na mtu alizaliwa wapi na lini. Mimi nitaruka. Wapi, nilidhani najua, nikaja kugundua nilidanganywa. Lini, hilo mji mzima ulilitafuta kwa miaka bila kulipata, na siku lilipopatikana nilikuwepo, na ndilo linalonifanya niandike. Kwa hiyo tuanze na dirisha.

Dirisha lilikuwa dogo, la mbao, lenye wavu wa chuma, kwenye ukuta wa mbele wa kituo chetu cha afya, katika mji mdogo wa relini upande wa Manyoni. Nyuma ya wavu alikaa mwanamke wa shingo ndefu, kitambaa kimefungwa kwa nyuma, na nywele zilizochungulia kando ya masikio zilikuwa nyeusi tii, mwaka ule, mwaka uliofuata na miaka yote. Tulimwita Mama wa Dirishani. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa, kuwauliza jina na kijiji, na kuwaonyesha mlango wa kuingia. Mimi ni fundi cherehani, na baraza ninayoshonea inatazamana na dirisha lile, barabara tu katikati. Nyumbani pia tulikuwa majirani, ua wake na wangu ukitenganishwa na minyaa. Mchana nilimwona kazini na jioni nilimwona akichambua mlenda, na nadiriki kusema hakuna mwanamke niliyemtazama zaidi yake isipokuwa mke wangu, ambaye alilijua hilo na hakulipenda.

Zamani matibabu yalikuwa bure kwa wote, na dawa hazikuwepo kwa wote. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mitumba ikaingia kwa marobota, watu wakaacha kushonesha nguo mpya, na mimi niliyekuwa nashona magauni ya harusi nikageuka fundi wa kupunguza. Suruali ya mtu mnene wa ng'ambo naipunguza kiuno na miguu mpaka imkae mchunga ng'ombe wa huku kwetu, na lebo naikata, asije mtu akasoma saizi. Nalitaja hili kwa sababu baadaye ndilo lililonisaidia kumwelewa jirani yangu. Hospitalini nako tukaambiwa tuchangie. Ila tangazo liliongeza kwamba mzee wa miaka sitini na kuendelea atatibiwa bure.

Sentensi hiyo moja ilizeesha mji wetu kwa usiku mmoja.

Wanaume niliowaona Jumapili wakicheza mpira wa wazee dhidi ya vijana, upande wa vijana, Jumatatu walikuja wamepinda mgongo. Mtu aliiegemeza baiskeli nyuma ya kibanda cha mkaa, akaazima fimbo ya muuza mkaa, akavuka barabara akiburuta mguu. Alipotoka na dawa alimkabidhi fimbo mwenzake aliyekuwa anasubiri zamu ya kuzeeka. Fimbo ile iliingia na kutoka asubuhi nzima. Karibu na saa sita Mama aliitazama kupitia wavu, akaitazama tena, akamwambia aliyeishika, "Baba, fimbo hii nimeshaitibu leo. Imepona. Irudishe kwa mwenyewe."

Vyeti vya kuzaliwa, nani alikuwa navyo? Watu wa umri ule walizaliwa kwenye njaa fulani, au msimu fulani wa nzige, au baada ya ng'ombe fulani kupotea. Basi wakaja na barua za mtendaji wa kijiji. Mtendaji mmoja aliwaandikia watu wake wote mwaka mmoja wa kuzaliwa, na Mama alizipanga barua zile mbele yake akauliza, kwa upole kabisa, kama mwaka ule akina mama wa kijiji kile walipata nafasi ya kulima. Wengine walitegemea kumbukumbu. Alikuja mtu aliyedai anawakumbuka Wajerumani, tena aliwakumbuka kwa majina. Mama alimwambia kwamba kwa hesabu hiyo anapaswa kuwa na miaka tisini, na mtu wa miaka tisini hawezi kuwa na kisonono, arudi nyumbani akaamue moja.

Alikuwa hapindiki, lakini alikuwa na shida ya kweli. Akimpitisha kijana, dawa za wazee zinakwisha kabla ya mwezi. Akimkatalia mzee, mzee yule anakwenda kufia nyumbani kwa malaria. Jioni, upande wa pili wa minyaa, nilimsikia akijisemea huku anachambua mboga, "Kesho wanakuja tena." Nilimhurumia. Nilimwambia awatazame meno. Alijibu kwamba yeye hanunui ng'ombe.

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa koti jeusi lililofumuka mkono, na linasaidiwa na binti yake kushuka kwenye mkokoteni. Alikuwa mwinjilisti mstaafu, Mnyiramba wa Kinyangiri, aliyehamia kwa binti yake mjini kwetu baada ya kufiwa na mkewe. Huyu hakuhitaji mtendaji. Misheni ilimbatiza akiwa mchanga na cheti cha ubatizo alikibeba mfukoni kila siku, kama wengine wanavyobeba tumbaku. Kwa hesabu ya cheti hicho, alikuwa ametimiza sitini mwaka uleule.

Nakumbuka siku alipofika dirishani mara ya kwanza. Alimtazama Mama kupitia wavu kwa muda, akasogeza uso karibu, akamwambia neno kwa Kinyiramba. Mimi ni Mgogo, sikulielewa. Mama hakumjibu kwa Kinyiramba. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu, "Shikamoo, mzee." Mwinjilisti akanyamaza. Nilidhani ana uziwi. Halafu akaitika polepole, "Marahaba." Akaenda kukaa kwenye benchi.

Na alipokaa tu, wanaume wawili waliokuwa wametoka kuapa kwamba wana miaka sitini na mitano wakanyanyuka kwa pamoja, wakainama, wakasema, "Shikamoo, mzee." Hawakufikiri. Huku kwetu mtu hafikiri kabla ya shikamoo, kama asivyofikiri kabla ya kupiga chafya. Mtoto akimpita mkubwa kimya ataulizwa yeye ni wa nani, na jibu litafika kwa mama yake kabla yake. Mama wa Dirishani aliweka kalamu chini. Aliwaita wale wawili, akawauliza kwa nini wanamwamkia mtu wanayemzidi miaka mitano.

Kuanzia siku ile alikuwa na kipimo. Mwinjilisti alikuja kila asubuhi akakaa kwenye benchi, kwanza kwa sababu ya kifua chake, baadaye kwa sababu ya uji aliopewa na wauguzi. Kila aliyedai uzee aliambiwa apite kwanza mbele yake. Akimwamkia, hajafika. Akiamkiwa, apite. "Mtu atadanganya serikali," Mama alipenda kusema, "atamdanganya hata Mungu wake, lakini hatapokea shikamoo ya mkubwa wake." Na kweli, katika miaka ile nilishuhudia watu waliokuwa tayari kughushi muhuri wa kijiji wakishindwa kumpita mzee wa koti jeusi bila kuinama. Jamaa mmoja alijaribu kujifanya bubu. Alikaa na kanga ya mkewe usoni, hasemi na mtu, karibu ashinde. Ghafla akaingia baba mkwe wake.

Mizani ikizoeleka huanza kusomwa kwa undani. Mama alifikia hatua ya kukadiria miaka kwa jinsi mtu alivyosalimia. Aliyeinama mpaka kiunoni, huyo hata hamsini bado. Aliyesema bila kunyanyuka yuko karibu. Aliyefungua mdomo akasita, akamtazama Mwinjilisti, naye Mwinjilisti akamtazama, wote wawili wakisubiriana, "huyo ni wa sitini kamili, mwandikie." Mwenyewe Mwinjilisti alikuwa anazeeka mwaka hadi mwaka kama watu wote, na watu wakalalamika kwamba kipimo kinazidi kupanda. "Basi mwombeeni asizeeke," Mama akawaambia. Lakini baada ya hapo nilimwona akiwapitisha wanaosita hata kidogo.

Kisha ikaja siku ya mjomba. Alishuka kwenye basi la kutoka Singida mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mguu umevimba, ndevu hazijamaliza kuota, akachechemea mpaka kwenye benchi. Mwinjilisti alipomwona alijikusanya, akashika fimbo, akasimama kwa tabu, akasema, "Shikamoo, mjomba." Kijana akaitika marahaba bila wasiwasi wowote. Babu yake Mwinjilisti, upande wa mama, alioa mke mdogo uzeeni, na huyu ndiye kitinda mimba wa mke huyo. Alikuwa ndugu wa mama yake Mwinjilisti, na mjomba ni mjomba hata akiwa bado mchanga wa kuogeshwa. Benchi zima lilicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Watu wakageukia dirishani waone Mama atafanya nini na sheria yake.

"Sheria ni sheria," alisema. "Ameamkiwa. Mtibuni mzee wa watu." Mjomba alitibiwa bure, akaondoka akiwa mzee mwenye umri mdogo kuliko wote katika mkoa wetu. Kesho yake likatolewa tangazo la mdomo kwamba salamu ya ukoo haihesabiwi, inahesabiwa ya umri peke yake. Ilileta ugomvi wiki nzima, maana huku kwetu ukichimba kidogo kila mtu ni ukoo.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Alimwambia fundi mwenzangu kwamba kaptula alizoshona zinafaa kuchujia pombe. Hakupenda watu wanaotapika kwenye foleni, kana kwamba walikuja kwa sababu nyingine. Lakini ukali wake ulikuwa na mlango wa nyuma. Waliofeli salamu na hawakuwa na cha kuchangia hakuwafukuza. Aliwaelekeza kwenye benchi la pili, lililo juani, akisema, "Kaa hapo uzeeke kidogo." Wakikaa wakazeeka mpaka foleni ikaisha, aliwatazama upya kwa makini, akatikisa kichwa kama aliyeshangazwa na mwendo wa dunia, akasema, "Hee, umeshazeeka. Ingia." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alizeeka kwa njia hiyo mara nyingi sana msimu wa mvua.

Sasa nije kwenye umri wake, ambao ndio alioufanyia kazi kuliko wa watu wote.

Nilihamia ujirani wake nikiwa na mtoto mmoja, na asubuhi ya kwanza nilipomwona juu ya minyaa nilimwamkia kama nilivyolelewa. "Shikamoo, mama." Aligeuka nyuma kuangalia anayeamkiwa ni nani. Alipohakikisha hakuna mtu mwingine alisema, "Salama tu, fundi. Habari za kuamka?" Nilirudia kesho yake. "Salama, fundi." Nilirudia kwa miaka, maana mama yangu alinifundisha hivyo na fimbo ya mama yangu bado naisikia. Sikuwahi kupata marahaba yake hata moja. Wajukuu zake walimwita dada. Aliyethubutu kumwita bibi alifinywa sikio kwa ufundi mkubwa.

Nywele nilizozisema alizipaka piko kila mwisho wa mwezi, nyuma ya nyumba, saa ambayo alidhani nimelala mchana. Hilo ni la kawaida. Ambalo sijaliona kwa mtu mwingine ni kwamba yeye aliwaamkia watu. Aliwaamkia wote. Mwanamke yeyote mwenye mvi mbili, mwanamume yeyote mwenye mkongojo, alimwahi yeye kwanza, "Shikamoo," kwa sauti nyembamba ya kisichana, na mguu mmoja akiukunja kidogo. Wanawake niliowaona kwa macho yangu kuwa wadogo zake walipewa shikamoo mpaka wakazoea. Ukishamwamkia mtu mbele za watu umeshajiandikia umri, na hakuna anayekuja kuufuta. Yeye alilijua hilo kabla hajaligeuza kipimo cha wengine. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alipita mbele ya Mwinjilisti na kumwamkia, na Mwinjilisti aliitika, na benchi zima lilisikia.

"Marahaba, binti," aliwahi kumjibu, siku ambayo uji ulikuwa na sukari. "Unakua vizuri." Niliona shingo ile ndefu ikisimama kama imepigwa kofi, nikadhani ni utani tu.

Kwa nini alifanya hivyo sikuelewa mpaka nilipofikiria suruali zangu. Alipoajiriwa zamani walitaka wasichana, na yeye hakuwa tena msichana, akapunguza. Alisema kwao ni Unyambwa, na sisi tukaamini, maana anayepunguza miaka lazima kwanza ahame marika yake, kama mimi ninavyokata lebo. Ukishapunguza mara moja inabidi uendelee. Akastahili kupandishwa cheo, akapunguza. Zilipokuja kadi za kupigia kura na kijana wa kuandikisha akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nilimsikia akiutaja, nikahesabu kwa vidole, nikaona kwamba tumelingana. Alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu.

Kufikia hapo hakuwa tena dirishani. Walikuja wakubwa kutoka juu wakisema watumishi wamezidi, wapunguzwe, naye akapunguzwa. Aliyemrithi alikuwa binti aliyemfundisha mwenyewe, binti mtaratibu, mwenye sauti ndogo, aliyemwogopa kuliko alivyomwogopa mganga mkuu. Kadi za kura zilipoenea, binti alianza kutazama kadi, na Mwinjilisti akabaki kwenye benchi kwa ajili ya uji.

Macho ya Mama yalianza na ukungu. Alisema ni moshi. Baadaye alisema ni vumbi la Manyoni, kana kwamba vumbi hilo limefika jana. Nilikuja kuona utando mweupe katikati ya jicho la kulia, halafu la kushoto, nikajua ni mtoto wa jicho. Mlenda aliuchambua kwa kupapasa, na tulipokaribishwa kula tulikuta majani mengine yasiyo mlenda. Tabia yake haikubadilika. Kwa kuwa haoni anayekuja, aliamua kumwamkia kila anayekuja, asije akapitwa. Nilimsikia akimpa shikamoo mtoto wa maandazi, ambaye alikimbia akaacha sinia.

Ndipo likatoka tangazo kwamba madaktari wa macho watakuja kituoni kwetu, watakaa siku chache, watawapasua wenye mtoto wa jicho. Wazee bure, wengine watachangia. Mama hakuwa na cha kuchangia. Alipopunguzwa alipewa mkono wa kwaheri, ukaenda kwenye paa, na watoto wake huko waliko wanabangaiza kama sisi. Nilimwambia aende akajiandikishe.

"Nimeshaona vya kutosha," alisema. "Hata huu mji wenyewe una nini cha kuona?"

Nilimpelekea Mwinjilisti habari ile. Alikuja jioni kwa fimbo, akapumzika njiani mara kadhaa, akasimama kwenye minyaa akaongea naye kwa Kinyiramba. Nilishangaa kumsikia Mama akijibu kwa Kinyiramba kilekile, tena kwa kasi. Mwisho Mwinjilisti akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Fundi," akaniita. "Kesho utanishika mkono. Lakini usiwaambie nimekuja kwa uzee. Sema nimekuja kwa macho."

Tulifika mapema na bado foleni ilikuwa ndefu. Wazee wa mji mzima walikuwa kwenye benchi, wenye utando jichoni na wasio nao. Nilimwongoza mpaka dirishani. Alipoushika wavu kwa vidole alitabasamu, maana aliujua zaidi kwa upande wa pili.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Salama tu. Niandike, nikakae."

"Naomba kadi ya kura."

Aliitoa kwenye kifundo cha kanga. Binti aliisoma, akainua macho, akaisoma tena.

"Mama, hapa inasema hamsini na mbili."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, mama. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma vizuri."

"Basi aliyeandika alikosea."

"Aliyeandika alimuuliza nani?"

Nilitamani kusema jambo, lakini jambo gani? Mimi ni mdogo, na ushahidi wa mdogo juu ya umri wa mkubwa hauna uzito. Binti alikuwa na machozi karibu. Nyuma yake alisimama mhasibu mgeni wa kituo, mikono nyuma, akisikiliza kila neno.

"Mama," binti alisema kwa sauti ya chini, "kadi imekataa. Tufanye kwa njia yako." Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye benchi. "Wazee wangu, kuna anayemwamkia huyu mama?"

Bibi mmoja wa Itigi, mwenye mvi zote na moyo mweupe, alitaka kusaidia. "Huyu huwa ananiamkia mimi," alisema kwa masikitiko. "Tangu nilipohamia hapa." Mwingine akasema, "Hata mimi." Na wa tatu, mwanamume ninayemjua kuwa alizaliwa mwaka mmoja na kaka yangu mkubwa, akasema naye huamkiwa, na kwa heshima sana. Kila mmoja alisema ukweli, na kila ukweli ulimsukuma Mama nje ya mlango. Nilihisi mkono wake ukikaza kwenye wangu. Miaka yote ile alikuwa akijipunguza mbele za watu, na sasa watu wale wote walikuwa wamekaa pamoja wakikumbuka.

"Haya fundi," aliniambia. "Twende nyumbani."

Nikasikia fimbo ikianguka. Mwinjilisti alikuwa amesimama, na alikuwa ameiachia makusudi, maana alihitaji mikono yote miwili kuiweka magotini. Aliinama. Mgongo wake ulilia kama mlango, lakini aliinama mpaka chini, kama wale ambao Mama alikuwa akiwakadiria hata hamsini hawajafika.

"Shikamoo, dada," alisema.

Hapakuwa na aliyecheka. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona Mwinjilisti akisimama ili amwamkie mtu, isipokuwa mjomba. Binti alilikumbuka hilohilo.

"Mzee, samahani. Hiyo ni salamu ya ukoo?"

"Hatuna ukoo, mwanangu," alijibu, bado ameinama. "Huyu ni wa watu wengine kabisa. Baba yake alikuja kwetu Kinyangiri kujenga misheni, akakaa. Hii ni ya umri. Nilipokuwa darasa la kwanza yeye alikuwa wa darasa la juu. Mvua ikijaza korongo alinibeba mgongoni akanivusha twende shule. Siku nilipomwona hapa dirishani nilimuuliza, 'Dada, ni wewe?' Akaniamkia mbele za watu. Ningefanya nini? Nikaitika. Miaka yote hii nimeitika marahaba isiyo yangu, na mimi ni mtu wa kanisa."

Mhasibu mgeni alifungua mdomo, akamtazama mzee aliyeinama vile, akaufunga. Binti aliishika kalamu lakini hakuandika.

"Mama," alisema, "hujaitika. Ulitufundisha kwamba salamu isiyoitikiwa haihesabiwi."

Nilimtazama jirani yangu. Macho yake yaliyoziba yalielekea ilikotoka sauti, na chini ya kitambaa piko la mwisho wa mwezi lilikuwa limeanza kupauka kwenye mizizi. Nilijua anachotakiwa kukitoa. Wengine wangetoa mbuzi kwa urahisi zaidi. Alikohoa.

"Ulikuwa mzito," alimwambia Mwinjilisti. "Na ulikuwa unanipaka makamasi shingoni, kila siku ya Mungu."

"Ni kweli, dada."

"Marahaba," alisema Mama wa Dirishani. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka, usije ukabaki hivyo."

Binti akaandika. Kisha yule bibi wa Itigi akanyanyuka, kwa aibu, akasema shikamoo. Akafuata yule mwanamume, wakafuata wengine, benchi zima, kila mmoja akirudisha za miaka mingi, na Mama amesimama dirishani ameshika wavu akiitika moja baada ya nyingine. Mwishowe alilalamika kwamba koo limemkauka, apewe uji wa wauguzi.

Walimpasua jicho la kulia, la kushoto likapangiwa safari nyingine. Sikumwona siku kadhaa kwa sababu alikaa ndani kama alivyoagizwa. Asubuhi aliyotoka nilikuwa barazani napunguza koti. Alikuja peke yake, anatazama huku na huku kama mgeni, nywele zimepakwa upya, nyeusi tii. Nilisimamisha cherehani. Sikuwa na uhakika yaliyotokea kwenye benchi yanafika mpaka kwangu, lakini nikajaribu kama nilivyojaribu asubuhi zote.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka nyuma. Alikuja mpaka kwenye ngazi, akaweka mkono juu ya jicho kukinga jua, akanitazama usoni kwa muda mrefu, paji la uso, masharubu, kichwa, mpaka nikaona haya.

"Marahaba," alisema. Akasogea karibu, akapunguza sauti ili wapita njia wasisikie. "Fundi, kumbe na wewe umekwisha hivi? Jioni pita kwenye minyaa. Piko limebaki."